Wati 12,000 Haziwezi Kupita Kwenye Plagi Moja

Jumapili iliyopita shemeji yangu aliniita Mbagala nikamsaidie kuunganisha hom thieta aliyoinunua Kariakoo, na kabla hata sijaketi alinionyesha boksi lake, ambalo ubavuni liliandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: wati 12,000. Alikuwa amedunduliza fedha kwa miezi saba. Tulipowasha filamu, milio ya risasi ilitikisa vioo vya kabati, lakini waigizaji walipoanza kuzungumza ilitubidi tusogeze viti karibu na runinga, na tulipoongeza sauti spika zikaanza kukwaruza. Shemeji alidhani nimekosea waya. "Angalia tena, shemeji," aliniambia, "haiwezekani wati zote hizo zishindwe na maneno ya watu wawili."

Nikaigeuza mashine. Nyuma, kando ya tundu la waya wa umeme, palikuwa na kibandiko chenye maandishi madogo kama punje za mtama: volti 230, hezi 50, wati 120. Hicho ndicho kiasi cha umeme ambacho mtengenezaji mwenyewe anakiri kwamba mashine nzima inakivuta kutoka ukutani, na hakuna amplifaya inayoweza kuendelea kutoa nguvu nyingi kuliko ile inayoingia. Tena sehemu ya nguvu hiyo hupotea kuwa joto, ndiyo maana kifuniko chake kimetobolewa matundu. Ili wati 12,000 zipatikane kwa umeme wetu wa volti 230, zingehitajika zaidi ya ampea 50, ilhali fyuzi iliyomo ndani ya plagi ya miguu mitatu ni ya ampea 13, yaani haifiki hata wati 3,000. Pasi ya wati 1,000 ikiwashwa kwa saa moja inakula uniti nzima ya LUKU. Mtu anayejua hilo, na kila mama wa nyumbani analijua, anayo tayari hesabu ya kumwezesha kulikataa boksi lile.

Namba hiyo inatoka wapi? Chini yake kuna herufi PMPO, ambazo maana yake ni kwamba aliyeiandika amechukua mpigo mmoja wa nguvu unaodumu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, akauzidisha kwa idadi ya spika, wala hakujali kama sauti katika mpigo huo ni muziki au ni mkwaruzo. Hakuna kanuni moja ya kupima PMPO inayokubalika, kwa hiyo kila kiwanda kinaandika kinachopenda. Kipimo cha kweli ni wati za kudumu, zile zinazoitwa RMS, nazo hazina maana mpaka zielezwe zimepimwa kwenye spika ya omu ngapi (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika dhidi ya umeme), katika masafa gani ya sauti, kwa upotoshaji wa sauti, yaani mkwaruzo, wa asilimia ngapi, na chaneli ngapi, yaani njia za sauti za kulisha spika, zikiwa zinafanya kazi kwa wakati mmoja.

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linawanasa hata wanunuzi makini wanaokwenda kutafuta risiva nzuri, yaani amplifaya ya kuendesha spika zote za hom thieta, ya kampuni yenye heshima. Risiva ya chaneli saba inaandikwa wati 150 kwa kila chaneli. Ukisoma maandishi madogo unakuta ilipimwa chaneli moja tu, kwa spika ya omu 6, kwa mlio mmoja wa hezi 1,000, na upotoshaji wa asilimia 10, kiwango ambacho sikio lolote linakisikia. Ukiipima kwa omu 8, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, chaneli mbili zikifanya kazi, zinabaki wati 80 au pungufu, na chaneli zote saba zikiamka pamoja zinagawana transfoma ileile. Marekani walichoshwa na mchezo huu zamani, wakaweka kanuni ya kutangaza nguvu za amplifaya mwaka 1974, na mwaka 2024 wakaifanyia marekebisho. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, nami naamini kwa dhati kwamba wati 12,000 juu ya mashine ya wati 120 ni upotoshaji.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba muuzaji wa dukani hakuliandika yeye boksi lile, na kwamba risiva ya kweli ina bei inayoumiza. Lakini mtu hahitaji wati nyingi kama anavyoaminishwa. Spika ya kawaida ikipewa wati 1 hutoa sauti ya kama desibeli 86 ukiwa mita moja mbele yake. Kila unapoongeza nguvu maradufu unapata desibeli 3 tu, kwa hiyo wati 16 zinakufikisha 98, na hapo jirani ameshagonga ukuta. Kwa sebule ya mita nne kwa tano, wati 50 za kweli kwa kila chaneli zinatosha na kubaki. Kwa chumba kimoja cha kupanga, hata spika ndefu ya kuweka chini ya runinga inatosha. Na anayenunua risiva iliyotumika Japani asisahau kwamba imetengenezwa kwa volti 100. Niliwahi kuona moja ikitoa moshi ndani ya dakika ileile iliyochomekwa ukutani bila transfoma.

Kilichomsaidia shemeji siku ile hakikuwa wati. Katika mfumo wa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, maneno mengi ya filamu hupita kwenye spika ya katikati, na yake ilikuwa imefichwa nyuma ya runinga. Niliileta mbele, nikaielekeza usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, kisha kwa rimoti nikaiongezea desibeli 4 na kuipunguza sabufa. Maneno yakasikika, ingawa ukiongeza sauti kidogo mkwaruzo unarudi palepale. Jumamosi tunakwenda Kariakoo pamoja kutafuta risiva, naye ameandika kwenye karatasi swali ambalo atamuuliza muuzaji kabla ya bei: "Wati hizi ni za kudumu, kwa omu 8, chaneli ngapi zikiwa zinafanya kazi?"