Mwacheni Kamba Apumzike

Kwetu Mikindani, giza likishaingia nyoka hatajwi kwa jina lake. Anaitwa kamba. Mama mdogo anashikilia desturi hiyo hata kwa huyu wangu, aliye ndani ya boksi la plastiki chumbani kwangu hapa Shangani, Mtwara. "Kamba wako kala?" ananiuliza akiwa mlangoni. Haingii.

Ni yule nyoka wa kahawia asiye na sumu, mwenye vijistari vyeupe kichwani, anayenyemelea panya majumbani na kwenye mabanda. Alizaliwa kwa mfugaji, na kibali ninacho. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haichezewi. Wa kuokota shambani simshauri mtu, maana kosa moja la kumtambua linaweza kukumaliza.

Ugomvi wangu na wafugaji wapya ni kiherehere cha wiki ya kwanza. Nasema kwa kuwa nilikuwa nacho. Nilimleta Jumamosi, Jumapili mtoto wa shangazi akaja na simu yake, anataka picha. Nikamtoa. Akamng'ata kidole, vitone viwili vitatu vya damu, akatumwagia uvundo ambao shati langu lilikaa nao siku kadhaa, kisha akasusa chakula wiki tatu nzima. Ningemlaumuje? Katikiswa safari nzima, kaamkia mahali penye harufu ngeni, halafu mkono unamshukia kutoka juu kama mwewe.

Nyoka hana sikio la nje. Anachokipata zaidi ni mtikisiko, kwa hiyo spika iliyowekwa sakafuni na mlango unaobamizwa vyote vinamfikia. Nyumba anaijua kwa ulimi, anaokota harufu kidogo kidogo, na kazi hiyo haina njia ya mkato. Siku hizi nikipokea nyoka mgeni, wiki nzima mkono wangu unaingia kubadilisha maji tu. Namwekea maficho mawili yanayombana mwili, kwa sababu penye nafasi kubwa anajiona yuko hadharani. Kisha namjaribu na panya mdogo, asiyezidi unene wa tumbo lake, na asiwe wa mtaani, huyo huenda kala sumu. Akila mara mbili bila matata ndipo naanza kumshika. Akishakula namwacha siku mbili, la sivyo atatapika.

Maelekezo mengi ya intaneti yameandikwa na watu wa nchi za baridi: taa ya joto, mkeka wa umeme. Mtwara, mwezi wa Novemba, chini ya bati? Hapa tabu ni kumpoza. Boksi langu liko sakafuni kwenye saruji, mbali na dirisha, limetobolewa matundu ya hewa na mfuniko umebanwa. Kuna jirani aliniambia nimtandikie maganda ya korosho, eti ni ya bure. Mafuta yake yanaunguza mikono ya wabanguaji, sembuse tumbo la nyoka! Natandika magazeti.

Kumshika kwenyewe hakuna maajabu. Nanawa kwanza, mkono unaonuka dagaa ni chakula, na nikimaliza nanawa tena kwa sababu ya vijidudu. Naingia kwa ubavuni, namgusa katikati ya mwili, namnyanyua kwa mikono miwili na kumwacha atembee mwenyewe. Kichwa sikishiki. Dakika tano, jioni, basi.

Wapo wanaosema nyoka wao anawapenda. Mimi siamini. Wangu kanizoea, yaani nimekuwa kama tawi lenye joto ambalo halijamdhuru, na hilo linanitosha.

Mtoto wa shangazi kapiga simu jana, anakuja Idi na wenzake wawili. Nimemwambia boksi halifunguliwi: macho yameanza kuingia ukungu, anataka kujivua gamba, na wakati huo haoni vizuri na hana simile na mtu.