Jina la mji si cheti cha kuzaliwa

Tukisikia Mwirani anaitwa Rafsanjani, tunamaliza kesi hapohapo: katokea Rafsanjan. Kwa Akbar Hashemi Rafsanjani, aliyewahi kuwa rais wa Iran, tunapatia, maana alizaliwa kijiji cha Bahreman, jirani na mji huo, mwaka 1934. Lakini wanazuoni wa Kishia Ali Khamenei na Ali Sistani wote wawili ni wazaliwa wa Mashhad. Khameneh na Sistan ni za wazee wao.

Kwa maoni yangu, majina haya yanasema zaidi kuhusu nani alikuwa anamwita mtu, na kwa nia gani. Tazama nyumba ya Khomeini, kiongozi wa mapinduzi ya Iran ya 1979. Babu yao, Seyyed Ahmad, alitokea India akahamia mji wa Khomein katika karne ya 19, watu wakamwita Hindi. Sheria ya 1925 ilipowalazimisha Wairani kuwa na jina la ukoo, ndugu wa tumbo moja wakatawanyika: mmoja akawa Pasandideh, mwingine akabaki Hindi, na Ruhollah, ndiye Khomeini mwenyewe, akaandikishwa Mostafavi. "Khomeini" ni jina alilojulikana nalo kwenye duru za wanazuoni. Januari 1978 gazeti la Ettela'at lilichapisha makala ya kumchafua, likamwita Seyyed Hindi, yaani mgeni huyo. Mji wa Qom, makao ya wanazuoni, ukalipuka kwa maandamano, askari wakapiga risasi, na mwaka mmoja baadaye Shah, mfalme wa Iran, alikuwa ameondoka nchini.

Wapo pia waliojichagulia mji, au nchi nzima. Jamal al-Din al-Afghani, mwanafikra wa Kiislamu wa karne ya 19, kwa mujibu wa watafiti wengi alizaliwa Asadabad, karibu na Hamadan, kwenye familia ya Kishia. Lakini jina la Kiafghani lilimfungulia milango ya Wasunni kule Cairo na Istanbul. Wairani wanaendelea kumwita Asadabadi; Waafghanistan nao walihamishia mabaki yake Kabul mwaka 1944. (Ujanja wake umemfuata mpaka kaburini!)

Ndiyo maana ubishi wetu wa pwani, kama Washirazi kweli walitoka mji wa Shiraz kule Iran, hunichosha. Chama cha Afro-Shirazi kilipoundwa Zanzibar mwaka 1957, jina la Shirazi lilikuwa la wenyeji wa Unguja na Pemba waliotaka kujitofautisha na Waarabu, na pia na watu waliokuja karibuni kutoka bara. Kupima ukweli wake kwa umbali wa kufika Shiraz ni kupima kitu kisichohusika. Mtu akiniambia yeye ni Mshirazi wa Tumbatu, mimi humuuliza habari za Tumbatu.