Siku Tatu Baharini, Mzigo wa Hija

Mimi nimezaliwa Kibokoni, Mombasa, yakhe. Nimejua kuogelea kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Babu yangu alikuwa mvuvi, na akienda zake kuvua alibeba kafi, mshipi, upo wa kukumbia maji na muhogo wa kuchoma. Kikoi alichovaa ndicho kilikuwa shuka, ndicho taulo, na upepo ukipatikana ndicho tanga.

Sasa mpwa wangu aliye Nairobi kanilipia safari ya kupiga kafi siku tatu kwenye mkono wa bahari wa Kilifi, ndani ya kayaki, kijimtumbwi chembamba, na kiongozi wa kutuonyesha maji yako wapi. Rafiki yake alighairi, pesa hazirudi, ndipo akakumbuka kwamba ana mjomba.

Nikadhani nitaamka, nivae, nende. Kumbe kuna orodha.

Jambo la kwanza, pamba marufuku. Ati pamba ikilowa yanywa maji, yakugandama mwilini, haikauki, na jioni upepo ukipiga watetemeka kama kuku wa mvua. Nikafungua kabati. Kanzu pamba, vikoi pamba, fulana pamba, hata soksi za Idi pamba. Nguo ya pekee isiyokuwa na pamba ilikuwa fulana ya kampeni ya mgombea mmoja aliyeanguka vibaya sana. Miaka yote nikilalamika kwamba wanasiasa hawajanifaa kwa lolote! Nyingine nikaenda kuchambua kwenye mitumba ya Kongowea: jezi mbili za mikono mirefu, mgongoni zina majina ya watu nisiowajua.

Na sharti lake: za mchana zilowe, za usiku zisiguswe na maji hata tone. Asubuhi ukiona ile mbichi yakukera ukavaa kavu, umekwisha, jioni utakuwa na mbichi mbili. Kikoi kimoja nimeruhusiwa, cha kambini. Ndala zimekataliwa, kwa sababu tope la mikokoni lazimeza na chaza waliong'ang'ania mizizi wakata kama wembe. Nivae viatu vya kufunga nisivyovionea huruma. Kofia iwe na kamba ya kidevuni. Dawa zangu za presha nigawe mafungu mawili, mifuko miwili tofauti, moja ukienda na maji nisiende nao.

Hayo niliyakubali. Lililonishinda ni maji ya kunywa. Lita 4 kwa siku, siku tatu, ni kilo 12. Hapa mtaani maji nayanunua kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni, nagombana naye bei mpaka majirani watoka madirishani. Sasa nalipiwa kwenda kukaa juu ya maji, na maji nimeyabeba mwenyewe! Wala mtungi hawautaki, wataka chupa ndogondogo, zipangike.

Maana mzigo wote huo, tusikilizane, unaingia kwenye tundu. Kayaki haina pa kutupia begi. Ina tundu mbele na tundu nyuma, na mdomo wa tundu, sinia ya biriani hata usiitaje. Sahani ya kawaida yenyewe yaingia kwa kuinamishwa. Vizito vikae chini, karibu na kiti, vyepesi vijazwe huko kwenye ncha. Nikacheka. Wazee walishasema tezi na omo marejeo ni ngamani, na hawakumtoza mtu nauli kumfundisha.

Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa tayari ametoa begi la magurudumu chini ya kitanda. Nikamwambia hilo labaki, vitu vyatiwa kwenye mifuko myembamba isiyopitisha maji. Wajaza, watoa hewa yote, wakunja mdomo mara tatu, wabana. Kutoa hewa ndiko kulikonifedhehesha. Nimeushika mfuko wa kwanza, nimeukumbatia kifuani, nimeukamua kwa goti kama nilivyoelekezwa, na mama mkwe amekaa kwenye kiti chake anakunywa chai. Mfuko ukatoa sauti. Ndefu, tena yenye mkia. Mama mkwe akaweka kikombe chini, akavuta mtandio, akaangalia ukutani. Nikasema, "Ni mfuko, mama." Akajibu, "Hewalla, mwanangu." Mifuko mingine minne niliikamulia chooni, mlango nimeufunga, na nasikia ndiyo nikaharibu zaidi.

Hema, jiko na chakula ni juu ya wenye safari, nimemsomea Mama Zuhura mara mbili. Hakuamini. Akafunga mahamri, akafunga achari, tende, nazi nne. Jirani akaleta mkebe wa kashata, nimpelekee dadake Kilifi, kana kwamba nakwenda na matatu. Na kwa vile kiongozi ametaka kila msafiri amtumie orodha ya anachobeba, Mama Zuhura akachukua simu akaiandika yeye.

Saa nne usiku simu ikalia. Kijana wa bara, ana adabu zake.

"Mzee, samahani kukusumbua. Naona hapa umeandika mbuzi moja."

"Naam."

"Mzee, kayaki haziwezi kubeba mifugo."

Ikabidi nimweleze kwamba mbuzi wetu sisi hana miguu minne wala hali majani, ni kigoda chenye ulimi wa chuma, cha kukunia nazi. Akanyamaza kidogo. Akaniambia huo ulimi utatoboa mifuko yote, na isitoshe nazi ya nini, wao ndio watakaopika.

"Mtapika nini?"

"Makaroni, mzee. Na supu ya pakiti."

"Siku zote tatu?"

"Siku ya mwisho kuna maharagwe ya mkebe."

Nikamtazama Mama Zuhura. Mama Zuhura akamtazama mama yake. Nikarudisha simu sikioni, nikamuuliza kijana kwa upole: hiyo kayaki yako wewe kiongozi, tundu lake la nyuma lina nafasi gani?