Mpimeni nahodha, mwacheni karani wa masijala

Kila ninapopanda kivuko kwenda Kamanga, jicho langu la kwanza ni kwa nahodha. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumezika wa MV Bukoba mwaka 1996, tukazika tena wa MV Nyerere pale Ukara mwaka 2018. Vyombo vile vilizama kwa kuzidiwa mzigo, si kwa bangi ya nahodha, lakini vilitufundisha kwamba aliyeshika usukani ameshika roho za watu. Huyo apimwe mkojo kuona kama anatumia dawa za kulevya, kwa kushtukizwa, hata kila wiki. Sina neno.

Ninachokataa ni kumpima mtu kwa sababu tu mshahara wake unatoka serikalini.

Mpwa wangu ni karani wa masijala katika ofisi moja ya umma hapa mjini. Asubuhi moja majina yalisomwa, wakapewa vichupa, wakapanga foleni chooni. Mlango ukaachwa wazi, mama mmoja amesimama akimtazama. Mkojo ukagoma. Akanyweshwa maji, akarudishwa, mara ya pili, mara ya tatu. "Mjomba, nilikuwa nawasikia wanacheka kwenye korido," aliniambia huku ameinamisha uso. Majibu yalitoka safi. Hakuna aliyemwambia hata pole.

Alituhumiwa nini? Hakuna. Faili likipotea masijala ni kero, ila halizamishi mtu.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Haki hiyo ina mipaka, nakubali. Lakini ibara hiyohiyo inataka sheria ndiyo iseme faragha iingiliwe katika hali gani, kwa namna gani na kwa kiasi gani. Dokezo la mkuu wa idara si sheria.

Wamarekani walishaumiza kichwa na jambo hili. Siku moja ya Machi 1989, Mahakama yao ya Juu iliruhusu kupima wafanyakazi wa reli baada ya ajali, na pia maofisa wa forodha wanaokamata dawa za kulevya au kubeba silaha. Jaji Antonin Scalia aliikubali kesi ya reli, akaipinga ya forodha, kwa kuwa kwenye reli madhara yalionekana, forodhani hakuoneshwa tatizo lolote. Mwaka 1997 mahakama hiyo ikafuta sheria ya Georgia ya kupima wagombea uongozi: hatari halisi haikuoneshwa. Hapo ndipo ninaposimama nami.

Na hata huyo nahodha, kipimo cha haraka kikionesha kitu, kirudiwe maabara kabla hajaandikiwa barua ya kujieleza. Dawa ya kikohozi yenye kodeini inaweza kumponza mtu.

Mpwa wangu bado yuko kazini. Choo cha ofisi hakitumii tena. Akibanwa anavuka barabara kwenda choo cha kulipia.