Kiyoyozi Kimechoka, Mimi Nani Kaniuliza?

Jamani, nimeonewa na watu wengi, lakini kuonewa na kiyoyozi ilikuwa mara ya kwanza. Mchana, jua utosini, shati limegandana na mgongo kama stempu na bahasha. Mara kile kidude ukutani kikalia pi, pi, pi, taa ikapepesa, upepo ukageuka wa moto. Kwenye kioo chake ikatokea herufi moja na tarakimu moja. Nikapekua droo nikitafuta kijitabu, maana kila kampuni ina alfabeti yake na huwezi kubahatisha. Kijitabu kikanijibu kwa ufupi: mota imezidiwa na mzigo.

Imezidiwa! Mimi nina mikopo miwili, watoto watatu, na shemeji aliyekuja kukaa siku mbili tangu mwaka jana, na hakuna siku nimewasha taa nyekundu. Lakini si ndiyo wanavyosema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi? Basi nikaamua kukitwisha tena. Nikazima, nikawasha. Kule nje kikaguna nnnng, kikakata. Nikazima, nikawasha. Nnnng, kikakata. Nilifika mara ya tisa, kila mara nikibonyeza rimoti kwa nguvu zaidi, kana kwamba tatizo ni kwamba hainisikii.

Shemeji, ambaye hajawahi kushika hata bisibisi, akatoa hukumu bila kuinuka kwenye kochi: "Gesi imeisha hiyo." Jirani akachungulia ukutani: "Gesi hiyo, jirani." Mama mkwe naye, kwenye simu, hajaambiwa hata kilichoharibika: "Si gesi hiyo, mwanangu?" Nikajiona nimezungukwa na mabingwa.

Fundi alipofika, swali lake la kwanza lilinikata maini.

"Bosi, umewasha mara ngapi?"

"Mara moja." Akanitazama. "Na nyingine nane."

Akashusha pumzi kama daktari aliyeletewa mgonjwa wa majuma mawili. Akaniambia kompresa, yaani ile pampu ya gesi kule nje inayozungushwa na mota, inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapokuwa kazini. Tena ikizimwa, gesi huwa bado imebanwa upande mmoja, inahitaji kama dakika tatu kutulia. Ukiiwasha papo hapo unaisukumiza dhidi ya ukuta: inashindwa kuzunguka, inavuta umeme mwingi, inapata moto. Kwa hiyo kule kuguna nilikokuita ukaidi kulikuwa kilio.

Nikauliza, sasa ni nani anayeizima? Akasema kuna kisahani kidogo cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Zikipata joto, moja hutanuka kuliko mwenzake, kisahani kinapinda, kinakata umeme kabla nyaya za mota hazijaungua. Kikipoa kinarudi chenyewe, lakini kompresa iliyochemka sana inaweza kuchukua hata saa nzima na zaidi. Nikanyamaza. Metali mbili zilizofungwa pamoja, joto likipanda mmoja anavimba na mambo yote yanasimama. Mama Watoto alikuwa amesimama nyuma yangu, sikuona haja ya kutoa mfano.

Nikakumbuka mabingwa wangu. "Fundi, si gesi?" Akacheka mpaka akaweka mkoba chini. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ya jikoni, inazunguka humo humo miaka yote. Ikipungua, imevuja, na anayeongeza bila kuziba tundu anajaza pakacha maji. Ni kweli ikipungua kompresa hupata moto, kwa sababu gesi inayorudi ikiwa baridi ndiyo inayoipoza. Ila ikizidi nayo inaielemea. Sasa wewe ongeza tu kwa ushauri wa mtu aliye kwenye kochi.

Akapima umeme wa nyumba, ukawa mzuri. Hilo nalo huponza mota: umeme ukiwa hafifu, inavuta ampea nyingi, yaani umeme mwingi zaidi unaopita kwenye waya, ili kazi ile ile ifanyike. Akasubiri mashine ipoe. Akawasha, akabana waya kwa klampu mita, kipimo cha ampea chenye mdomo kama koleo. Kibandiko ubavuni kinasema ampea 5.2, mita inasoma 7.8 na inapanda. Akazima kwenye swichi kubwa, akafungua kifuniko, akaitoa kwanza chaji kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza na kuzunguka, maana ile kitu huweka umeme tumboni hata ukiwa umezima na inaweza kukurusha. Nami nilikuwa nimeshanyoosha kidole nionyeshe kuwa ninaelewa. Nikakirudisha mfukoni taratibu. Kapasita ilikuwa imevimba kichwani kama sambusa. Imeandikwa mikrofaradi 35, ndicho kipimo cha uwezo wake, mita inatoa 21. Akaweka mpya ya 35 ile ile.

Nikadhani tumemaliza, tayari najipangusa mikono ambayo haikugusa kitu. Fundi akainama, akauliza: "Na hili turubai, nani kalifunga?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ni turubai la bluu. Nililifunga mwenyewe wakati wa mvua, kwa upendo, nikaacha uwazi wa kupitisha mkono, mashine isilowe. Mashine iliyotengenezwa kukaa nje! Kumbe kazi yake yote ni kutupa nje joto la ndani, na mimi nimeivika koti. Feni inapuliza, turubai linarudisha, joto lile lile linazunguka, kompresa inasukuma mpaka inatoa ulimi. Ndani ya mapezi ya kondensa, vile vibati vyembamba vinavyotoa joto nje, kulikuwa na vumbi, manyoya ya ndege, na soksi ya mtoto iliyotafutwa muhula mzima. Fundi akaosha kwa maji ya taratibu, mapezi yasilale. Akawasha: ampea 5.0, na baridi ikatoka mpaka shemeji akaomba shuka.

Jioni Mama Watoto akaliona turubai limekunjwa kibarazani.

"Baba Watoto, hivi nani alilifunga lile turubai kule nje?"

"Upepo."

"Upepo upi huo unaojua kupiga fundo, tena matatu?"

Nikachukua rimoti, nikaongeza spidi ya feni ili nisisikie vizuri.