Nyoka wa Mama, Mwendo wa Pole

Mama alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Wakati wa likizo, tukiwa nyumbani, tulimwona akirudi kutoka zamu ya usiku: anavua viatu mlangoni, anaitikia shikamoo zetu, anakwenda kuketi ukingoni mwa kitanda na sare yake mwilini, kisha anatoa simu ya kitochi mfukoni. Hapo hasemeshwi. Kwa dakika kumi hivi husikii kitu chumbani ila vitufe: 2 juu, 8 chini, 4 kushoto, 6 kulia. Mama anacheza nyoka.

Ilikuwa Nokia 1100, ile iliyotoka mwaka 2003, yenye tochi utosini na vitufe vya mpira visivyoingiza vumbi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Jirani zetu wa Kenya simu za namna hiyo waliziita mulika mwizi.

Kilichonitatiza ni mwendo. Gemu ile unachagua mwenyewe kasi ya nyoka, na sisi watoto tulianzia katikati kwenda juu, tukishindania alama mpaka tunagombana. Mama alimweka mwendo wa chini kabisa. Nyoka akawa anatambaa kama aliyeshiba. Siku moja nikamwambia, "Mama, kwa mwendo huo hutapata alama za maana." Akanijibu macho yakiwa kwenye kioo, "Alama za nini, baba? Mimi namlisha tu huyu."

Jibu hilo nimelielewa baada ya kuwa na kazi yangu. Mimi ni mhasibu. Siku za kufunga hesabu za mwezi, kila tarakimu ninayoigusa kuna mtu anaisubiri, na ikikosewa kuna atakayelaumiwa. Natoka ofisini napanda daladala la Gongo la Mboto, nikibahatika kiti nachagua cha upande wa ndani (simu na dirisha la daladala haviendani, kila mkazi wa Dar anajua), nafungua karata za kucheza peke yangu. Tisa nyekundu juu ya kumi nyeusi, nane nyeusi juu ya tisa nyekundu. Foleni ya Buguruni isogee au isisogee. Karata zikigoma, nazichanganya upya, na hakuna aliyepata hasara. Nikishuka Banana, mabega yaliyokuwa yamenyanyuka tangu asubuhi yameshuka.

Wengi wetu karata hizo tulikutana nazo kwenye kompyuta za ofisini. Zilikuja na Windows 3.0 mwaka 1990, na aliyeziandika, Wes Cherry, alikuwa Microsoft kwa mafunzo ya kazi tu. Kizazi kizima cha makarani kilijifunza kushika kipanya kwa kuburuta karata.

Lakini hebu mtu mzima aonekane anacheza gemu kwenye simu. Utasikia, "Na umri huo?" Ukimwuliza huyo huyo kuhusu wazee wanaocheza bao chini ya mwembe kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi, atakwambia hayo ni maarifa. Ni kweli ni maarifa. Bao lina kete 64 na hesabu zake zinamshinda msomi. Vijana wa kijiweni wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda nao hakuna anayewauliza umri. Mimi naona watu wazima wa huku kwetu hawajawahi kuacha kucheza, na sijui ni lini simu ilifanya jambo hilo kuwa la aibu.

Hata hivyo, bao halifanyi kazi ile aliyokuwa anaifanya Mama ukingoni mwa kitanda. Bao lina watazamaji. Ukikosea kete, watu watano wanaguna, na mmoja atakukumbusha wiki ijayo. Ni raha ya kuwa na watu, na inachosha kama watu wanavyochosha. Mtu aliyetoka kushika mikono ya wanawake wenye uchungu usiku kucha, aliyeitwa jina lake mara mia, haendi kutafuta watazamaji. Anatafuta mahali ambapo kwa dakika kumi hakuna anayemwita, na mikono yake ina kitu chepesi cha kufanya. Akilala papo hapo, wodi inamfuata usingizini. Hilo nimelijua kwangu mwenyewe: nikiingia kitandani moja kwa moja kutoka kwenye hesabu, nahesabu ndotoni.

Nyoka huyo wa simu alitengenezwa na Mfini mmoja, Taneli Armanto, akaingia kwenye Nokia 6110 mwaka 1997. Katika toleo lile la kwanza ukigonga ukuta umekwisha. Armanto aliona kwamba kasi ikizidi, mchezaji anakufa ukutani kabla kidole hakijawahi, basi akaweka ucheleweshaji kidogo sana, sehemu ndogo mno ya sekunde, ili aliye ukingoni apate nafasi ya kukata kona. Nimelipenda jambo hili kuliko yote niliyowahi kusoma kuhusu gemu. Kuna mtu alikaa mbele ya kompyuta akafikiria namna ya kumwonea huruma mchezaji ambaye hatamjua kamwe. Mama alikuwa mmoja wao. Katika toleo la simu yake ukuta wenyewe uliondolewa; nyoka akitokea upande mmoja wa kioo anaingilia upande wa pili, hana adui ila mkia wake.

Gemu nyingi za leo zimeikosa huruma hiyo, na linaniuma. Nilikuwa na moja iliyonipa roho tano. Zikiisha nisubiri au nilipe. Ilinitumia ujumbe saa nne usiku kwamba nimekosa zawadi ya siku ya saba. Nikajikuta naifungua nikiwa nimechoka, kwa kuogopa kupoteza siku sita zilizotangulia, kama mtu anayewahi rejesho la mkopo. Niliifuta. Mchezo unaonidai sina haja nao, wanaonidai wananitosha.

Siku hizi Jumapili jioni nacheza pia gemu ya shamba iitwayo Stardew Valley. Eric Barone aliitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne, michoro, muziki na maneno, akaitoa mwaka 2016. Unarithi shamba la babu, unalima. Unaanza na mbegu za mzizi fulani kama karoti nyeupe, na baada ya siku nne unavuna. Ukisahau kumwagilia, mmea haufi, unasimama tu kukungoja, na hatari yake ni msimu kuisha kabla hujavuna. Mvua ikinyesha siku hiyo ndoo unaiweka chini, maana mbingu imekumwagilia. Ndugu zangu walinishangaa, kwa kuwa tuna shamba la kweli Handeni, la mahindi. Ndiyo, tunalo. Nimemwona mjomba akitazama mawingu ya vuli yakipita juu ya shamba hilo bila kutua, na simu yake ikiita kwa sababu aliyemkopesha mbegu anataka kujua mavuno yatakuwaje. Ndiyo maana siku ya mvua katika gemu ile naiacha iendelee, sifanyi kitu, nasikiliza tu matone. Mjomba nilimwonyesha. Aliangalia kwa muda mrefu, akauliza, "Huku inanyesha mara ngapi?"

Mama amestaafu, yuko Tanga. Kitochi kilikufa zamani, na simu janja aliyonayo anaitumia kwa vikundi vyake vya kuweka akiba na picha za wajukuu. Desemba iliyopita aliniomba nimtafutie nyoka wake humo. Nilipakua wanne. Kila akianza kumlisha, tangazo la kubeti linafunika kioo kizima, na yeye hajui pa kubonyeza ili lifungike. Wa nne naye alipokatwa, Mama aliirudisha simu mkononi mwangu taratibu, akasema, "Basi, baba, acha."

Kesho yake nilikwenda dukani mjini nikamnunulia kitochi kingine, cha vitufe. Nilidhani atauliza laini yake itahamishwaje. Hakuuliza. Alikiwasha, akapita kwenye menyu kidole kikijua njia, akamkuta, akaenda kwenye kasi akashusha mpaka mwisho. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Mimi nilikuwa nimeshamimina chai, nikaifunika kwa kisahani.