Kengele Iliyonipeleka kwa Mkwe

Dada yangu ameolewa Ufaransa, na ukisikia Ufaransa usifikirie Paris. Yuko nyanda za juu za Aubrac, kijiji ambacho ng'ombe ni wengi kuliko wapigakura, lakini kina meya wake na ofisi yenye bendera. Nchi ile ina mameya zaidi ya 34,000!

Nilifika katikati ya Oktoba, ng'ombe wanapoteremshwa kutoka malisho ya juu. Chaja yangu ya Tanga ina pini tatu za bapa. Ukuta wa kule unataka mbili za mviringo. Simu ikazima.

"Usihangaike, kaka," dada akasema, "utasikia kengele ya kanisa. Kesho saa kumi na mbili uwe kwa baba mkwe. Kutakuwa giza bado, msimu huu jua linachelewa."

Jioni ile kengele ikalia. Nikahesabu sita. Kimya kidogo, kisha sita tena. Kumi na mbili! Nikatazama saa ya ukutani: kumi na mbili kamili. Nikafurahi mno. Kumbe hawa wanapiga saa za Kiswahili!

Tukala aligot, viazi vilivyopondwa na jibini mpaka vinavutika kama mpira wa manati. Nikalala fofofo.

Kengele ikanishtua gizani. Nikahesabu mpaka kumi na mbili. Yallah, nimechelewa! Buti, koti, mbio kuvuka uwanja wa kanisa, nikagonga mlango wa mzee. Mbwa wakapagawa. Taa ikawaka, na mbele yangu akasimama mkwe wa dada yangu, mtu niliyemwamkia mchana nimeinama, sasa amevaa pajama ya mistari. Jamani, kwetu hata kandambili za mkwe hutazami.

"Bonjour!" nikasema, yaani habari za asubuhi, kwa sauti ya mchapakazi.

Akanipima juu mpaka chini. "Bonsoir." Yaani, habari za jioni.

Papo hapo kengele ikaanza upya. Mzee akanyoosha kidole kwenye mnara, akawa anahesabu na mimi taratibu, kama mwalimu wa chekechea. Kumi na mbili. Saa sita usiku.

Kule kengele hurudia baada ya dakika kama mbili, ili aliye shambani aliyepotewa na hesabu ya kwanza aipate ya pili. Dada hakuniambia. Ameizoea, nadhani haisikii tena.

Kulipokucha, meya, naye mfugaji, alinikuta nyuma ya ng'ombe na fimbo yangu. Akavua kofia, akanipa mkono.

"Bonne nuit, monsieur." Usiku mwema, bwana.